Ratiba ya Likizo

Kocha katuma ratiba kwa simu:
mita mia nne mara nane,
pumzika dakika moja, usidanganye.
Chuo kimefungwa, uwanja uko Unguja,
mbio za nyika ni Novemba,
nami niko Konde, na barabara ya Ngezi
imetandikwa majamvi ya karafuu huku na huku.
Nakimbia katikati
kama aliyechelewa sala apitaye baina ya safu.

“Raya, nani anakufukuza?”
Bi Time, kila siku swali lile.
Asubuhi nimechuma pishi tano;
mapaja bado yanaukumbuka mkarafuu,
vidole vinanuka hata nivioshe kwa ndimu.

Mzunguko wa sita, wingu likashuka toka Msuka.
Hakuna aliyeita “mvua!” Tulisikia majani.
Jamvi la Bi Time. Jamvi la Shaame.
La yule mjane tusiyesemezana naye tangu kesi ya mpaka.
Kunja, beba, ukumbini, rudi,
kunja, beba, rudi,
na hiyo dakika ya kupumzika
sijui aliichukua nani.

Usiku saa ya mkononi ikamfikishia kocha yote:
vipande kumi na tisa, vifupi, vimepindapinda,
moyo unapiga mia na tisini.
“Zoezi gani hili? Sikulipanga mimi.”
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika: la karafuu.

Alfajiri, nikifunga kamba za viatu,
sahani ya mkate wa ufuta kizingitini,
imefunikwa kawa.
Hakuna jina.
Kawa lile nalijua.