Mayai Mawili

Kabla ya lami hii, foleni ilikuwa shamba,
na Jahanara alivuna humo:
ndoo ya mayai ya kuchemsha,
chumvi na pilipili katika kipande cha gazeti,
malori mia yamelala kichwa kwa mkia
yakingoja saa nne ya usiku,
kwa kuwa Dhaka mchana haipokei matairi kumi.
Kuna dereva aliyefua shati, akalianika kwenye bampa,
akalivaa kavu
kabla gari halijasogea.
Tofazzal, mbeba viazi wa Bogura, alikula mawili, pengine matatu,
akasema, "Andika."
Akaandikwa.

Halafu vikaja vigingi vyenye utepe mwekundu.
Waliolipwa walilipwa.
Moksed fundi baiskeli angali na faili lake katika mfuko wa nailoni;
kila Jumatatu hulipeleka ofisini
likaamkie watu.

Barabara mpya haiingii mjini.
Inaupitia mbali, kama mtu akatizaye nyuma ya nyumba
ya anayemdai:
juu ya mpunga, juu ya tanuri za matofali,
toka kaskazini hadi bandarini,
na Dhaka ni mshale tu kwenye bango.

Nisiionee. Mwaka juzi jirani yao alijifungua
kati ya lori la saruji na lori la vitunguu,
hakuamka.
Mwaka huu wifi yake Shefali alifika hospitali na uchungu wake,
akarudi na mtoto.

Jahanara alijaribu wiki moja.
Alipenya chini ya uzio na ndoo yake;
malori yakapita, upepo wao ukamwaga chumvi.
Mwenye mbio hana njaa.
Akarudi. Wakala mayai siku tatu mfululizo, wao wenyewe,
na daftari akalipandisha juu ya kabati.

Shefali, bintiye, ndiye huyu wa kibanda namba sita:
kofia, glavu,
kiyoyozi kinachopuliza magoti peke yake.
Fedha ya nchi hii inaitwa taka,
wala hakuna anayeitupa.
Anapokea, anabonyeza, anarudisha chenji, ubao unainuka.
Sekunde kumi na moja; msimamizi amezipima.
Bango limekataza riksho, baiskeli, mbuzi, mwenda kwa miguu,
kila mmoja na mchoro wake.
Ndoo haikuchorwa.

Usiku wa mvua, saa tisa, lori la viazi.
Kioo kikashuka, mkono ukatoa ada,
kisha ukatoa noti nyingine, zimefungwa kwa mpira.
"Hizi za mama yako. Mayai arobaini na matatu.
Nimeyahesabu njiani."

Shefali akaitazama mashine.
Kitufe cha lori kipo, cha basi kipo,
cha gari la wagonjwa kipo.
Juu, kamera. Nyuma, honi.
Sekunde ya kumi na tisa. Ya ishirini na sita.
Akavuta karatasi ya risiti, tupu, shibiri moja,
akaandika kwa kalamu:
Mayai 43. Yamelipwa.
Tofazzal akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati
palipokuwa na leseni.
Ubao ukainuka.

Msimamizi alikata mshahara wa nusu siku.
Hilo tuliache.

Asubuhi Jahanara alishusha daftari, akapuliza vumbi,
akapitisha kidole mstari kwa mstari.
Arobaini na moja.
Akahesabu tena, kwa sauti.
"Amezidisha," akasema, kwa hasira kabisa,
kama aliyetukanwa,
akabandika sufuria.

Mayai mawili yako kando ya mashine ya risiti
ndani ya kipande cha gazeti, na chumvi yake.
Ya Jumanne yalitupwa. Ya Jumatano pia.
Haya ni ya leo.