Karai la Langoni

Pangaboi la kwanza lilikuwa dogo, lenye mbio.
Lilichimba shimo katikati ya halua
likazunguka humo peke yake;
pembeni samli ilitulia, chini kukaungua.

Bi Kulthumu akaonja ukoko:
"Mzito habembelezwi kwa mbio."

Famau akakata chuma upya, kipana kama karai,
mbawa zikwangue ukuta.
Mota ikaguna, mkanda ukanuka mpira.
Akapunguza mwendo. Akapunguza tena,

hadi uzi wa zaafarani niliodondosha ukingoni
ukang'oka,
ukapita mbele yangu polepole, ukirefuka,
ukazama,
ukarudi upande wa pili, rangi tupu.

Bi Kulthumu akautundika mwiko wake wa miaka thelathini.
Kisha akautundua, akaushika tu.