Hodi ya Tatu

Maabara ya Wete, feni moja kati ya tatu inazunguka.
Kwenye skrini, mlango wa mbao tuliouchora vibaya,
na mbele yake Machano, mtu wetu wa tarakimu,
anapiga hodi.

Asaa ndiye aliyemwandikia adabu:
kama hakuna jibu, basi subiri sekunde tano, rudia.
Mara tatu. Geuka, ondoka.
Sawa, nikasema, ndivyo tulivyofunzwa tangu chuo cha Kurani.
Lakini huyu hajui kitu.

"Hajui nini, mwalimu?"

Nikamtoa nje, nikafunga, nikamwambia apige hodi ya kweli.
Akapiga. Sisi ndani kimya, watu arobaini na mmoja.
Time Faki akaburuta ndara zake sakafuni,
kidogo tu.
Hodi ya pili haikuja.
Tukangoja. Mmoja akakohoa, mwengine akacheka puani.
Nilipofungua, Asaa kasimama, mkono bado juu:
"Nimesikia ndara. Nikajua mtu yuaja,
labda anatafuta mtandio."

Labda anatafuta mtandio.
Nikayaandika ubaoni maneno hayo, yakachukua nafasi ya fomula.
Kazi yetu iko hapo, nikawaambia,
si mguu wa Machano wala mdomo wake,
ni kile chumba kidogo kichwani
ambamo mtu asiyemwona anahangaika na mtandio.

Wiki tatu. Tukampa masikio.
Tukampa kumbukumbu ya vitu saba tu,
inayovuja kama kifuu kilichotoboka, mfano wa yetu.
Tukampa shaka, ya kupimwa kwa mia.
Umeme ukakatika mara nne; yeye akasahau yote,
sisi tukakumbuka nusu.

Jana alipiga hodi ya kwanza. Ya pili.
Ndani ndara zikaburutwa, zikasita.
Pembeni mwa skrini tarakimu zikapanda:
yumo, tisini kwa mia.
Hataki mgeni, sabini na moja.
Machano akashusha mkono, akaondoka
bila ya hodi ya tatu.

Darasa likalipuka kwa makofi, Asaa akapanda juu ya kiti.
Time hakupiga. Alikuwa anamtazama yule
anayepungua njiani, doti baada ya doti.
"Mwalimu, na yeye, imemuuma?"

Tukapekua msimbo, mstari kwa mstari.
Hilo hatukuliandika.
Nami nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye mlango mmoja Limbani,
ndara zikisita upande wa pili.

Nikazima projekta.
Jumatano, nikasema, somo letu ni kusahau.