Labda

Julai. Mawingu yameifunika Nairobi
kama sufuria ya githeri, wiki ya tatu sasa.
Kazi yangu ni nyota
na sijaona hata moja tangu Juni.

Mbingu yangu huja kwa waya hapa Chiromo:
vipande elfu mbili na ushei vya picha,
kila kimoja sawa na ukucha,
vilipigwa na darubini ya jangwa nisilolijua.
Kompyuta imechekecha mamilioni. Haya ni mabaki,
na kwenye pumba, anasema Kwamboka,
ndimo kuku apatamo punje.

Nachambua.
Nyota mbili zilizojirani kwa bahati tu: tupa.
Galaksi inayojifanya pete: tupa.
Kasoro ya kioo. Mkwaruzo wa setilaiti. Tupa, tupa.
Saa saba usiku, macho yana mchanga.

Kipande cha elfu moja mia tisa na kitu:
nukta nne za samawati,
katikati doa jekundu lililofifia
kama alama ya kikombe mezani.

Stima ikapotea.

Bwana Ekiru, mlinzi, akaja na mshumaa
kuuliza kama ni mzima.
Simama hapo, nikamwambia, rudi nyuma kidogo.
Nikainua bilauri tupu,
nikauangalia mwali kupitia kitako chake:
mmoja ukawa minne.
Nikampa naye atazame.

"Na upi ni wa kweli?"

Yote, nikasema. Kisha nikasema, hakuna.
Galaksi nzito imekaa njiani, uzito wake unaipinda nuru,
na kwasa iliyo nyuma yake,
taa iliyowaka kabla dunia haijapata udongo,
inatufikia kwa njia nne zisizolingana.
Ikipepesa mara moja, sisi tutaiona mara nne:
leo huku, keshokutwa kule,
nyingine mwezi ujao.

Akanyamaza, nta ikimdondokea kidoleni.
Kifo cha kaka yake Lodwar, akasema,
kilimfikia hivyo hivyo:
kwa simu iliyokatika,
kwa dereva wa lori la samaki,
kwa shangazi aliyedhani anajua,
kwa barua ya chifu, miezi miwili baadaye.
"Na kila mara alikufa upya."

Stima ilirudi saa tisa kasoro.
Nukta zilikuwa pale pale.
Bado sijui: huenda ni nyota nne zilizokutana tu.
Lazima nuru ya kila moja ichanwe rangi zake,
nione kama zina makovu yale yale.
Daftarini nikaandika *labda*,
nikaipigia mstari,
nikamwita Bwana Ekiru aje aone.