Ushahidi wa Ninga

Mama alisema hakuna ninga Uarabuni.
Alisema hivyo jikoni, Al Khuwair, akipara samaki,
kwa sauti ya mtu anayefunga duka:
ninga walibaki Wete, kwenye mikuyu ya nyuma ya skuli.
Basi nikaazima lenzi ya shemeji Khalfan, ndefu kama mchi,
nikapanda basi la usiku, jangwa dirishani hadi alfajiri,
hadi Salala.

Mahad alinipokea na thamosi na mwavuli uliovunjika ubavu.
Mwezi wa saba, kharifu imeshuka mlimani.
Manyunyu yale si mvua,
ni mtu anayekupangusa uso kwa kitambaa kibichi
na haachi.
Ngamia watatu wamejilaza barabarani.
Hatukupiga honi.

Ayn Hamran, maji yanapita mferejini bila haraka.
Mkuyu mmoja, majani elfu,
na kila jani limevaa rangi yake yeye.
"Yupo," Mahad ananong'ona.
"Wapi?"
"Humo."
Humo ni neno pana, Mahad.

Nikachuchumaa. Ukungu ukaingia kwenye lenzi,
nikaufuta kwa pindo la mtandio,
ukarudi.
Miguu ikafa ganzi. Mbu wakafanya karamu shingoni.
Kuyu likadondoka, pwa, kwenye tope,
nikainua macho: tawi linatikisika
na hakuna anayelitikisa.

Kisha ile sauti.
Mluzi unapanda, unakwama,
unamalizikia kwenye kicheko cha bawaba kavu.
Sikuwahi kuisikia kwa ndege.
Niliisikia kwa mama, akiiiga
kuninyamazisha nikilia, Matrah, chumba cha juu,
kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa Pemba.

Nikabonyeza. Nikabonyeza.
Likaruka kundi zima, ishirini labda,
makofi ya mabawa,
na mkuyu ukabaki umekonda.
Mahad akamimina chai. Hakusema pole.

Picha mia nne na kumi na mbili za majani.
Katika moja tu: nusu ya tumbo, manjano ya kiini cha yai,
bega la zambarau kidogo,
ukucha ulioshika kuyu,
na jicho...
hapana, jani juu ya jicho.

Mama alivaa miwani. Akaisogeza simu, akaitenga.
"Hili jani," akasema.
"Na hili?"
"Hili nalo jani."
Akarudi kwa samaki wake.

Usiku nikamsikia chumbani, mlango umerudishwa,
kwa Kiswahili kile anachokitoa
akidhani nyumba imelala,
akimwambia dada yake Mize, Wete:
"Wapo huku, we! Wanakula makuyu ya watu.
Nimemwona mmoja. Kajificha,
lakini tumbo lile nalijua."