Kibendera

Mshika kibendera aliyepangwa alikwama Malindi,
boti imeahirishwa, simu yake inaita tu.
Mwalimu Khatibu akatupa macho jukwaani
akaniona mimi, mwaka wa pili, Jiografia,
niliyesomeshwa sheria za mpira wiki moja Gombani
nikapewa cheti ambacho mama alikitia fremu.
"Raya, shuka."
Nikashuka.

Fainali ya vyuo, Wete, saa kumi, jua halijapoa,
sisi kijani, wageni wa Unguja weupe pe,
na ndani ya kijani nusu ya darasa langu:
Mkubwa golini, anayenakili ramani zangu,
Shaame Mcha mbele, miguu kama mkasi wa fundi,
ambaye, haya, niseme,
nikimwona mkahawani kijiko huniponyoka.

Kibendera chenyewe kipande cha pazia la njano
kilichopigiliwa kwenye kijiti cha mpera.
Kizito kuliko kilivyo.

Dakika ya thelathini mpira uliruka ukuta
ukaangukia jamvi la karafuu la Bi Mize,
zikatawanyika barabarani kama siafu waliokanyagwa.
Bi Mize akaukalia mpira.
Akaukalia, wallahi, na kanga zake mbili:
"Hauondoki hapa mpaka iokotwe ya mwisho!"
Wachezaji wa akiba, kijani kwa weupe,
wakainama bega kwa bega wakichambua karafuu na changarawe,
na fainali ya visiwa vizima
ikamsubiri bibi mmoja ahesabu.

Bila bila. Dakika ya themanini na nane.
Pasi ikatoka kati, ndefu, ya chini,
nami nakimbia na mstari, raba za kuazima,
jicho moja kwenye mguu unaopiga,
jicho moja kwenye mgongo wa beki wa mwisho.
Na pale mpira ulipoachana na kiatu,
si kabla, si baada,
niliona goti.
Goti tu la Shaame, limewatangulia wote
kama mgeni aliyefika harusini kabla ya biriani kuiva.

Wavu ukatikisika.
Jukwaa zima likainuka, vigelegele, makopo,
mtu akarusha kofia yake ya viua hewani.
Mkono wangu ulikuwa juu tayari.
Sijui nani aliunyanyua.
Najua. Mimi.

Kelele zikakatika kama umeme wa kwetu.
Mtu akalitaja jina la baba yangu, si kwa heri.
Mwingine: "Huyu kanunuliwa na Unguja!"
Mimi, mzaliwa wa Limbani,
niliyevuka bahari mara moja tu, nikatapika njia nzima.
Mwalimu Khatibu akanijia taratibu.
"Ameotea?"
"Goti, mwalimu."
"Goti?"
"Goti."
Akapuliza filimbi.

Penalti sizihadithii.
Mkubwa aliruka kulia mara tano,
mipira minne ikaenda kushoto.
Kombe likapanda boti.

Usiku ule meza ya watu wanane nilikula peke yangu.
Nikiomba chumvi, chumvi haisikii.
Ukutani mwa choo mtu alichora goti,
na niseme kweli, alilichora vizuri.

Siku ya tatu Shaame akanisimamisha nje ya maktaba.
Hakusalimu.
"Ungepepesa tu, Raya.
Jicho ni jicho, hupepesa. Nani angekulaumu?"
Maneno yalinijaa mdomoni, hata moja halikutoka.
Nikauliza, "Kwani wewe hukujua?"
Akacheka cheko la mtu aliyetafuna kokwa.
"Nilijua kabla yako."
Akenda zake, akichechemea kidogo,
au labda mimi ndiye niliyetaka achechemee.

Hajanisamehe. Sijamwomba.
Kijiko bado huniponyoka.

Kibendera ninacho, nyuma ya kabati.
Msimamizi wa bweni huuliza kila Jumamosi
nani aliyekata pazia lake.
Natazama dirishani, jua linaingia mahali pale palipokatwa,
nami sipepesi.