Nukta Nyekundu

"Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?"
Pumzi ya Vaidotas inafuka moshi;
gereji hii ya Kaunas haina moto, na ni Januari.
Danguolė hajui. Gari ni la marehemu mumewe.
Yeye kazi yake ilikuwa kushika ramani.

Kifuniko kinatoka. Mpira umeingia nyufa,
meno mawili yamelika.
Ungekatika njiani, pistoni zingezigonga valvu,
injini yote ikawa chuma chakavu.
"Huu haupigi hodi, mama."

Kisha fundi anainama, anamulika tochi:
puli ya juu, puli ya chini,
kila moja ina nukta nyekundu
pale pa kulinganishia.
"Nani kaziweka? Hii si rangi ya gereji."

Danguolė anasogea. Anaziba mdomo.
Rangi ya kucha!
Ile chupa iliyopotea kiangazi kile,
akamnunia dada yake mwezi mzima.

Mkanda mpya unavaa, na pampu ya maji papo hapo.
Vaidotas anazungusha krenki kwa mkono,
mara mbili, polepole, akisikiliza.
Nukta zinarudi mahali pake.

"Nizifute?"

"Thubutu."